Mwanamke wa Stoo ya Ngozi

Sugow alipohamisha mkeka wake kwenda kulala kwenye stoo ya ngozi, mkewe Sharifo alidhani ni joto tu. Mvua kubwa zilikuwa zimekoma, Mto Tana umerudi kwenye mkondo wake, na Garissa nzima ilikuwa imeota majani. Watu hawakuyapenda majani yale. Mji uliozoea mchanga sasa ulikuwa kijani mpaka kwenye nyufa za kuta, vyura walilia mchana kutwa kwenye madimbwi ya Bulla Iftin, na ng'ambo ya mto mizoga ya kondoo ilikuwa mingi hata makorongo wakashiba wasiweze kuruka. Walisimama tu barabarani na vichwa vyao vya upara, wakimtazama mpita njia kwa jicho moja.

Homa ilikuwa imeanza na mifugo, kisha ikaingia kwa watu. Waliougua walitokwa na damu puani na kwenye fizi, na wengine hawakuamka tena. Soko la mifugo likafungwa. Dalali kama Sugow, aliyezoea kushinda sokoni akishikana mikono na wauzaji chini ya kitambaa na kupatana bei bila kutamka neno, sasa alishinda nyumbani, mikono yake haina wa kuishika.

"Kule kunanuka," Sharifo alimwambia alipomwona na mkeka begani.

"Nimezoea."

"Hata dirisha hakuna."

"Nimesema nimezoea, Sharifo."

Stoo yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati pembeni mwa ua. Ndani yake ngozi alizozinunua kabla ya mafuriko zilikuwa bado zimening'inia kwenye waya, zimepakwa chumvi, zimekauka zikawa ngumu kama mbao. Sugow alirudi nyumbani akachukua shuka. Akarudi tena akachukua wembe wake wa ndevu. Mara ya mwisho alichukua kikombe chake, na hapo ndipo Sharifo alipoacha kufagia akasimama na ufagio mkononi. Mtu anayekimbia joto hahami na kikombe.

Kuanzia siku hiyo Sugow hakula tena kwenye sinia moja na mkewe na watoto. Sharifo alimpelekea anjera na chai, akaviweka mlangoni pa stoo kama mtu anayemlisha mgeni asiyemfahamu, na baadaye akavikuta vyombo vimeoshwa, vimepangwa kwenye kizingiti. Sugow hakuwahi kuosha chombo tangu azaliwe.

Ramlo, dada mkubwa wa Sugow, aliishi katika ua huohuo. Mumewe alikuwa na ngamia huko upande wa Elwak, na barabara zilikuwa bado zimekatika. Mafuriko yalipokuwa makali, Ramlo alipoteza mimba na damu ikakataa kusimama. Walimbeba hospitalini kwenye mkokoteni. Daktari alisema anahitaji damu, na Sugow ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Ramlo alipona. Tangu siku hiyo hakumwita ndugu yake kwa jina. Alimwita "damu yangu", na kila jirani aliyekuja kumpa pole alioneshwa mahali sindano ilipoingia.

"Ninaishi kwa damu ya huyu," alisema. "Wallahi, nikikaa kimya naisikia ikitembea. Ni damu yenye haraka, kama mwenyewe."

Sugow akisikia hivyo alinyanyuka na kutoka nje.

*

Sharifo alikuwa mwanamke wa haya, lakini haya ina mwisho wake. Alasiri moja aliwapeleka watoto kwa jirani, akaoga, akajifukiza ubani na uunsi mpaka dera lake likawa zito kwa harufu, akapaka mafuta mikononi. Akavuka ua kwenda stoo. Ramlo, aliyekuwa akichambua mchele kwenye kivuli, aliinua kichwa, akatabasamu, akajifanya hakuona.

Sugow alikuwa amelala chali. Alipomwona mkewe uso wake ulifunguka, na kwa kitambo kidogo Sharifo aliamini kwamba mambo yamekwisha. Akapiga magoti juu ya mkeka. Akamwekea kiganja kifuani. Moyo wa mumewe ulikuwa unakimbia.

"Toka," Sugow alisema.

"Sugow."

"Toka, nakuomba." Aliinua mkono akauweka mbele ya uso wake, kama mtu anayejikinga na pembe ya ng'ombe. Akajisukuma nyuma kwa visigino mpaka mgongo ukagonga mabati. "Nakuomba, Sharifo. Usinishike."

Sharifo alirudi akivuka ua uleule, harufu ya uunsi ikimfuata. Safari hii Ramlo hakujifanya. Aliacha mchele akamtazama mpaka alipoingia ndani na kufunga mlango.

Kesho yake Ramlo alimjia na neno.

"Abaayo, dada yangu, nimemwona jana adhuhuri, jua likiwa utosini. Alichimba nyuma ya stoo akafukia kitu. Alifukia haraka, akikanyagakanyaga mchanga, akiangalia huku na huku."

Walikwenda wakachimbua. Walikuta kipande cha shuka chenye damu iliyokuwa imeanza kukauka, na mchanga uliozunguka ulikuwa umeshikana kwa wekundu.

"Amejikata na kisu," alisema Sharifo. "Nimeona kidole chake kimefungwa."

"Na ukijikata unafukia damu? Nani anafanya hivyo?" Ramlo alirudisha mchanga kwa mguu, kisha akausugua unyayo wake kwenye majani kwa muda mrefu. "Majini wametoka mtoni na maji, Sharifo. Kila mtu anasema. Huyu ameolewa."

Mchana huo, watu wa Bulla Iftin walipokuwa wamelala baada ya sala, Sharifo alichukua bakuli la maziwa akaenda stoo taratibu, viatu mkononi.

Alimsikia kabla hajafika. Sugow alikuwa anazungumza. Sauti ilikuwa ya chini na laini, sauti ambayo Sharifo hakuwa ameisikia tangu mwaka wao wa kwanza.

"Kaa, macaanto," alisema. Lilikuwa jina la mapenzi alilompa Sharifo, na hakuwahi kumwita mtu mwingine hivyo. "Kaa hapo. Hapana, usikaribie sana. Nisikilize kwanza."

Kimya kilifuata, kirefu, kama mtu anayesikiliza.

"Najua," Sugow akasema. "Una haki ya kukasirika. Ningekuwa wewe ningekasirika pia. Lakini usiondoke. Nikimaliza kusema, usiondoke."

Kimya tena. Halafu akaanza kulia, kilio cha mwanaume aliyejiziba mdomo kwa nguo.

Sharifo alisukuma mlango. Sugow alikuwa peke yake, ameketi ameelekea kwenye ngozi zilizoning'inia. Ngozi moja, nyeusi yenye baka jeupe, ilikuwa inayumba polepole kwenye waya, na humo ndani hapakuwa na upepo.

"Unaongea na nani?"

"Nilikuwa naomba dua."

"Dua unamwita Mungu macaanto?"

Sugow aligeuza uso. "Weka maziwa chini," alisema. "Uende."

*

Habari ilizunguka mtaa. Wanawake waliokuwa wakipita njia ya nyuma ya stoo kwenda kuteka maji sasa walizunguka upande wa pili. Mmoja alisema amemwona mwanamke amesimama kwenye mlango wa stoo, mrefu, kichwa wazi, hana kivuli. Mwingine alisema hapana, kivuli anacho, ila kwato ndizo zinamtambulisha. Mashemeji waliacha kuja kunywa chai. Sharifo akienda dukani, mazungumzo yalikatika, na mwenye duka alimwekea sukari juu ya kaunta badala ya kumpa mkononi.

Sugow aliyasikia yote hayo. Hakukana. Jambo hilo lilimkera Sharifo kuliko uvumi wenyewe: mtu anaambiwa amelala na jini, anainamisha kichwa tu, tena kama aliyepumua.

Ramlo ndiye aliyemwita Maalim Barre. Alikuwa mzee mwembamba aliyefundisha watoto Kurani karibu na msikiti mdogo, na watu walimheshimu kwa sababu hakupokea zawadi kubwa. Alikuja asubuhi, jua likiwa bado changa. Alimketisha Sugow uani juu ya mkeka, akashika kichwa chake, akaanza kumsomea sikioni. Sharifo na Ramlo waliketi pembeni. Kondoo mmoja tu aliyebaki katika ua alikuwa akikohoa.

Maalim alisoma kwa muda mrefu. Sugow alitulia kama mtu aliyesinzia. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka, mdomo ukafunguka, ukabaki wazi bila kitu. Sharifo aliona ulimi ukihangaika ndani. Sauti ilipotoka, ilikuwa nyembamba, ya juu, sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Acha," ilisema. "Mtu huyu nimeshamchukua."

Ramlo alishika mkono wa Sharifo.

"Wewe ni nani?" aliuliza Maalim Barre.

"Niliingia kwa mlango alioufungua mwenyewe."

"Unataka nini kwake?"

"Sitaki kitu. Niko kwenye damu. Hospitalini waliniona." Sauti ilikatika, ikavuta pumzi. "Mwambieni mkewe asilale naye. Hana kosa, yule. Ana watoto. Akilala naye nitavuka niingie kwake."

Maalim aliacha kusoma. Vyura nao, kwenye dimbwi la nyuma, walikuwa wamenyamaza. Machozi yalikuwa yanamtiririka Sugow mashavuni, lakini macho yake yalikuwa yamefumbwa na uso umetulia kabisa, kama vile machozi yalikuwa ya mtu mwingine.

"Kwenye damu?" Ramlo aliuliza. Alijishika mkono, pale pa sindano. "Damu ipi? Damu yake mimi ninayo!"

Hapo Sugow alifungua macho. Alimtazama dada yake kwa hofu ambayo Sharifo hakuisahau. Mdomo ulifunguka mara ya pili. Sasa hapakutoka sauti yoyote, si ya jini wala ya mtu. Akajifunika uso kwa shuka.

Sharifo alimsindikiza Maalim mpaka kwenye ua wa miti ya miiba. Mzee alisimama, akatazama makorongo barabarani.

"Nimesomea watu miaka mingi," alisema. "Jini hutaja ukoo wake. Hujisifu. Hutaka manukato, hutaka mbuzi wa rangi fulani. Huyu sijawahi kumsikia mfano wake, anayemwonea huruma mke wa mtu." Alimgeukia Sharifo. "Mimi sijui ni kitu gani, binti yangu. Lakini ametaja hospitali. Nenda ukaulize huko."

*

Sharifo angechelewa kwenda kama si Ramlo. Ramlo aliacha kula. Alijifunga kamba mkononi juu ya kiwiko, akaikaza mpaka vidole vikavimba, ili kile kitu kisipande kufika moyoni. Alikaa kwenye jua kali bila mtandio, mwanamke ambaye majirani hawakuwahi kuona hata ncha ya nywele zake. Alisema anakisikia. Alisema kinamwita kwa jina la utotoni. Asubuhi moja Sharifo alipomletea uji, Ramlo alimtazama bila kupepesa, akasema kwa sauti nyembamba, ileile, "Nimeshamchukua huyu pia."

Bakuli lilimponyoka Sharifo.

Alivaa hijabu akaenda hospitalini kwa miguu. Hakumwambia mtu. Alipita kwenye foleni ya wagonjwa wa malaria waliolala sakafuni kwenye korido, akamtafuta sista mmoja mnene kutoka Kitui, kwa sababu sista huyo hakujua Kisomali na hakuwa na ukoo wa kumpelekea habari.

"Sista, mimi nauliza damu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtu akitoa damu ya kusaidia mgonjwa, nyinyi naiweka wabi?"

"Tunaipima kwanza, mama. Ikiwa nzuri ndiyo anawekewa mgonjwa."

"Na kama si mzuri?"

"Tunaimwaga. Hatumwekei mtu damu mbaya."

"Hata kidogo? Hata kama mgonjwa nakufa?"

"Hata kidogo." Sista alimtazama vizuri. Alimwingiza kwenye chumba kidogo akavuta mlango ukafungika. "Mama, ni nani alitoa damu?"

"Bwana yangu. Sugow. Wakati ya mafuriko."

Sista alikunja mikono yake juu ya meza. "Mambo ya bwana yako siwezi kukuambia mimi. Ni siri yake. Mwambie akuje na wewe. Lakini wewe ukitaka kupimwa, hiyo ni yako, na hakuna mtu nitamwambia."

Sharifo alielewa. Hakuhitaji neno lenyewe. Alikuwa amelisikia redioni na kwenye mazungumzo ya madereva: ugonjwa wa Kenya, watu walisema, kana kwamba Garissa ilikuwa nchi nyingine na ugonjwa ungesimamishwa pale kwenye daraja la Tana pamoja na malori ukaonyeshe kitambulisho. Alikaa. Aliitazama mikono yake, hina ya sikukuu ikiwa imebaki kwenye kucha tu.

"Jini nalia," alisema polepole.

"Unasema nini, mama?"

"Hakuna. Mimi narudi nyumbani, sista. Kisha nakuja kubima."

*

Alimkuta Sugow stoo, ameketi palepale. Sharifo hakusimama mlangoni. Aliingia, akaketi mbele yake, mgongo wake ukigusa ngozi nyeusi yenye baka jeupe.

"Nimetoka hospitalini," alisema. "Sista hakuniambia. Niambie wewe."

Sugow aliangalia mlango, kisha mikono yake, kisha akasema. Alisema kwa maneno machache kuliko Sharifo alivyotegemea. Alitoa damu, akaambiwa angoje, akaitwa chumba cha pembeni. Daktari alirudia mara mbili kwa sababu yeye alidhani ni ile homa ya kondoo. Alirudi nyumbani akiwa ameshaamua kumwambia mkewe siku hiyohiyo. Siku ikapita, na iliyofuata.

"Nilijaribu kila mchana," alisema. "Nilikuwa naiambia ile ngozi hapo nyuma yako. Naifanya ni wewe. Najizoeza."

"Nilikusikia. Nilidhani una mwanamke."

"Ni wewe."

"Na ile sauti mbele ya Maalim?"

Sugow alitikisa kichwa. "Nilifungua mdomo niseme mimi, Sugow, ni mgonjwa. Nilikuwa tayari, wallahi. Ile ndiyo iliyotoka. Niliisikia kama mlivyoisikia ninyi."

Ngozi zilinuka chumvi na mafuta ya zamani. Sharifo alihisi nywele zikimsimama shingoni, katikati ya joto lile, na akajilazimisha asigeuke nyuma.

"Uliupata kwa nani?" aliuliza.

"Mwanamke wa Nairobi. Tulikuwa tunangoja ng'ombe wachukuliwe machinjioni, siku zikawa nyingi, wenzangu..."

"Jina lake."

"Sharifo."

"Jina lake nani?"

"Sijui," Sugow alisema. "Sikumuuliza."

Angemtaja mwanamke kwa jina, na jina la baba yake, na rangi ya macho yake, Sharifo angeumia. Hilo la kutokuuliza lilimpata mahali pengine kabisa. Alisimama, akashika ngozi ile akaivuta kwa nguvu zake zote. Waya ukakatika, ngozi zote zikaanguka kwa kishindo kama milango, vumbi la chumvi likajaa kibandani. Wote wawili walikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kufanya kitu pamoja.

"Nitakupa talaka," Sugow alisema vumbi lilipotulia. "Nimefikiria. Bado una umri. Nitakwambia mbele ya mashahidi, hakuna atakayekulaumu. Watu watasema ni jini."

"Ulitoka kitandani bila kuniuliza," Sharifo alisema. "Sasa na talaka unanipa bila kuniuliza?" Alijifuta macho kwa pindo la mtandio. "Dada yako amejifunga kamba. Vidole vyake vimekuwa vyeusi. Anakufa kwa damu ambayo hakupewa. Nenda umwambie."

"Ramlo akijua, mji mzima utajua."

"Basi ujue."

"Sitaweza. Nikifungua mdomo nitajuaje itatoka sauti gani?"

"Mimi nitakuwa hapo," Sharifo alisema. "Ikitoka ile nyingine, nitaijua."

*

Ramlo alikuwa ameegemea ukuta wa jua, macho nusu wazi. Sugow alipiga magoti mbele yake. Sharifo alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuona jasho likimtoka shingoni. Kwanza alikohoa. Halafu akaanza, na sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya dalali aliyepiga kelele sokoni maisha yake yote.

"Walaal, dada yangu, huna damu yangu. Haikuingia kwako hata tone. Waliimwaga. Mimi ni mgonjwa, nina ule ugonjwa. Uliwekewa damu ya askari mmoja kutoka bara, mrefu, aliyekuwa zamu pale hospitalini. Nilimwona akilala kwenye kitanda changu nilipoondolewa."

Ramlo alimtazama muda mrefu. Aliutazama mkono wake uliovimba.

"Askari?" alisema.

"Askari."

"Wa serikali?"

"Wa serikali."

Ramlo alianza kucheka, kicheko kikavu kilichogeuka kuwa kilio, na katikati ya kilio akaanza kuhangaika na fundo la kamba kwa meno. Sharifo alileta kisu akaikata. Damu ilirudi vidoleni, na maumivu yake yakamfanya Ramlo amtaje Mungu kwa sauti yake mwenyewe, ya ukali, waliyoizoea.

Sugow alinyoosha mikono amsaidie kusimama. Ramlo aliiona mikono ile ikija. Alijisogeza kidogo ukutani, inchi chache tu, kisha akajiinua mwenyewe. Mikono ya Sugow ilibaki hewani, halafu akaikunja, akaificha kwapani kama mtu anayesikia baridi.

Ramlo hakumwambia mtu. Wengi hawangeamini kwamba mwanamke yule aliweza kunyamaza, lakini alinyamaza. Tena alifanya zaidi: wanawake walipomuuliza, alithibitisha habari za jini. Aliongeza mengine. Alisema ni jini wa kike kutoka upande wa Masalani, amekuja na maji, ana wivu, hataki mke wa mtu aguswe. Mtaa mzima ukaogopa ua ule, na woga huo ukawa ukuta imara kuliko ua wa miiba. Hakuna aliyemuuliza Sugow kwa nini anakonda. Lakini kuanzia siku ile Ramlo alimwita kwa jina, Sugow, na kikombe chake mwenyewe alikiinua kutoka kwenye rafu ya pamoja akakiweka chumbani kwake.

*

Sharifo alikwenda kupimwa. Alingoja majibu kwenye benchi pamoja na mwanamke aliyekuwa na mtoto mwenye kifaduro, na sista alipomwita ndani alisema salama, mama, uko salama, lakini urudi tena baadaye tuhakikishe. Akamweleza mambo mengine, akimtazama usoni bila haya, mpaka Sharifo akajikuta anaangalia kalenda ukutani. Jasho halina kitu. Mate hayana kitu. Kula pamoja, kulala karibu, kushikana, hakuna kitu. Halafu akamfungia kwenye gazeti vile vipira, akamwonyesha kwa vidole viwili namna vinavyovaliwa. Sharifo alivificha chini ya hijabu. Alipopita mbele ya msikiti aliona kila mtu anasikia gazeti likikwaruza.

Alimpa Sugow kifurushi kile. Sugow alikifungua, akakifunga.

"Hapana," alisema. "Kikipasuka?"

"Sijakwambia leo."

"Unabaki?"

Sharifo alifikiri. Alitaka kusema jambo zuri, lakini alilokuwa nalo lilikuwa jambo la kweli tu. "Leo ninabaki," alisema. "Kesho uniulize tena. Uniulize, Sugow. Usikae na ngozi."

Akamrudisha nyumbani. Majirani waliona mkeka ukivuka ua wakasema jini ameshindwa, wengine wakasema hapana, ameingia ndani kabisa sasa.

Alasiri ile jua lilipiga mabati mpaka yakalia. Watoto walikuwa madrasa. Sharifo alimwambia mumewe avue shati na alale kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa umepungua. Mbavu zilionekana, na ngozi juu yake, licha ya joto lote lile, ilikuwa baridi kama chungu cha maji. Aliposhusha viganja vyake vyenye mafuta ya ufuta, Sugow alishtuka mwili mzima.

"Tulia," Sharifo alisema.

Alimpaka mabega, kisha uti wa mgongo, kisha kiuno. Alikuwa anaogopa. Vidole vyake vilipita haraka kila vilipokuta kikovu au kipele, na alijua kwamba Sugow anaihesabu miruko ile. Lakini hakuacha. Polepole mwili ule ulilegea. Sugow alipumua pumzi ndefu, na Sharifo akasikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akifanya siku hizi kila mumewe akifungua mdomo. Ilikuwa pumzi ya mtu mmoja.

Alipomaliza alinyanyuka akaenda kwenye jerikeni pembeni mwa chumba. Hakuwa amekusudia. Mikono ilikwenda yenyewe. Alimimina maji, akachukua sabuni, akaosha viganja, akaosha katikati ya vidole, akaosha mpaka kwenye viwiko. Aliposikia kimya nyuma yake ndipo alipojua anachofanya.

Sugow alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama.

"Naosha mafuta," Sharifo alisema.

"Najua," Sugow akajibu.

Akageuza uso ukutani ili Sharifo amalize bila kutazamwa. Sharifo alisimama na mikono inayodondosha maji. Halafu akaifuta kwenye dera lake, akarudi, akalala nyuma ya mumewe juu ya mkeka, na viganja vyake vikiwa bado na unyevunyevu akaviweka mgongoni pake, akaviacha hapo.